Vihisi mwendo vya bei nafuu: gharama iko kwenye betri

NYAMIRAMBO, KIGALI – Kihisi mwendo, au sensa kama mafundi wengi wanavyokiita, ni kifaa kidogo kinachogundua kwamba mtu amepita, mlango umefunguliwa au mzigo umetikiswa. Vile vya bei ya chini huuzwa na wauzaji wa China kupitia intaneti kwa dola moja hadi mbili za Marekani, kabla ya nauli na ushuru.

Bei hiyo inamvutia mwenye stoo isiyo na umeme wa cashpower, na pia mwenye lori linalolala njiani kati ya Dar es Salaam na Kigali, safari ya karibu kilomita 1,500. Kifaa cha betri hakihitaji kuvuta waya, na mwizi hawezi kukizima kwa kukata umeme wa jengo.

Hata hivyo, bei ya kihisi si gharama ya kihisi. Gharama halisi ni betri zitakazonunuliwa mwaka mzima, pamoja na hasara ya usiku ule ambao betri zimekwisha na hakuna aliyejua.

Mwandishi wa makala haya alilipia somo hilo hapa Nyamirambo. Stoo ya shemeji yake, chumba kimoja chenye mlango wa chuma na paa la bati nyuma ya duka la nafaka, ilifungwa kengele ya kihisi cha bei ya chini, bodi ya Arduino Uno na betri nne za AA. Usiku wa kwanza ililia vizuri katika majaribio. Usiku wa tatu magunia manne ya mchele yaliondoka. Asubuhi shemeji hakugomba, alisema tu: "Shemeji, kengele yako imelala kabla ya mlinzi."

Kihisi chenyewe hakikuwa na kosa. Bodi ya Arduino Uno hula takriban miliampea 45 wakati wote, iwe ina kazi au haina. Betri ya AA ya alkalini hubeba kama 2,000 mAh au zaidi kidogo, na betri nne zikiungwa mfululizo huongezeka volti tu, mAh hubaki zile zile. Gawanya 2,000 kwa 45, unapata saa 44. Ni hesabu ya kufanyika dukani kwa kalamu, na haikufanyika.

Uliza kinakula nini kikiwa kimetulia

Kengele ya stoo hukaa kimya kwa karibu saa zote za mwaka. Kwa hiyo namba ya kwanza kuuliza ni umeme unaoliwa wakati hakuna kinachotokea. Umbali wa kuona hufuata baadaye. Kwa vihisi vizuri namba hiyo huandikwa kwa maikroampea, na maikroampea 1,000 ni sawa na miliampea moja.

Njia ya mkato ni hii. Mwaka una saa 8,760. Chukua maikroampea za kihisi, zidisha kwa tisa, utapata karibu idadi ya mAh kitakazokula kwa mwaka. Kihisi cha maikroampea 50 kitakula kama 450 mAh kwa mwaka, yaani chini ya robo ya betri ya AA. Kihisi cha miliampea tatu kitakula 72 mAh kwa siku, na betri hiyo hiyo haitamaliza mwezi.

Hesabu hii inahusu kihisi peke yake. Bodi inayokiendesha ina ulaji wake, na lazima uongezwe. Chip za aina ya ATmega328P na ATtiny85 zikilazwa usingizi kamili na programu iliyoandikwa vizuri hula chini ya maikroampea moja. Ni chip ile ile ya ATmega328P iliyomo ndani ya Arduino Uno. Kinachomaliza betri ni vitu vilivyoizunguka kwenye bodi, kama taa, kidhibiti volti na sehemu ya USB, pamoja na programu isiyoilaza.

Kihisi cha joto la mwili

Hiki ndicho kinachojulikana zaidi, na madukani huandikwa PIR. Hakitoi mionzi yoyote. Kinasubiri joto la mwili lihame kutoka upande mmoja wa jicho lake kwenda mwingine. Ndiyo maana kinamwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, na kwa shida yule anayekijia moja kwa moja. Kifungwe ukutani upande wa mlango ili anayeingia akatize.

Aina mbili zinatosha kuzungumzwa. Ya kwanza ni HC-SR501, yenye kofia nyeupe ya duara na skrubu mbili za kurekebisha. Inaona hadi mita saba hivi, inakula kama maikroampea 50 hadi 65, na inahitaji takriban dakika moja baada ya kuwashwa kabla haijatulia. Ya pili ni AM312, ndogo kama ncha ya kidole. Inaona mita tatu hadi tano na inakula maikroampea kumi na kitu.

Tofauti kubwa kati yake iko kwenye volti, na hapo ndipo wengi hukosea. HC-SR501 inataka angalau volti 4.5. Ukiifunga kwa betri tatu za AA, zikiwa mpya zinatoa volti 4.5 kamili, lakini baada ya muda mfupi zinashuka chini ya hapo. Kihisi kinaanza kupiga kelele ovyo au kunyamaza, mwenye stoo anatupa betri zilizobaki na nguvu nyingi, anasema zilikuwa bandia. Betri nne ndizo zinazofaa. AM312 inaanzia volti 2.7, kwa hiyo inafanya kazi kwa betri moja ya lithiamu bila matatizo. Kwa chumba kidogo cha Nyamirambo, ningechukua AM312 hata kama bei yake ingekuwa mara mbili.

Kihisi hiki kina udhaifu wake. Hakioni kupitia kioo, hivyo kukiweka ndani ya kabini kikitazama nje kupitia kioo cha mbele ni kazi bure. Tena, kinategemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la mahali. Hewa ya Kigali ni ya wastani na kwa kawaida haisumbui, lakini chini ya bati saa nane mchana, au ndani ya kontena linalosubiri juani Mombasa au Dar es Salaam, joto linakaribia la mwili wa binadamu na kihisi kinapofuka. Paka pia wana joto, na stoo ya nafaka yenye panya haikosi paka. Kishushwe kidogo upeo wake, au kifungwe juu kikitazama mlango tu.

Kihisi cha mawimbi

RCWL-0516 ni bodi ndogo inayorusha mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyorudi. Mawimbi hayo hupita turubai, mbao na ukuta mwembamba, ila chuma huyazuia. Bei yake ni ya chini kama ya PIR, na wauzaji huisifia kwamba inaona nyuma ya ukuta.

Sifa hiyo ndiyo kasoro yake katika mtaa wenye watu wengi. Kifaa kilichofungwa kwenye ukuta unaopakana na njia kitamhesabu kila mpita njia. Vilevile kinakula karibu miliampea tatu muda wote, yaani zile siku 28 tulizozipata juu. Kwa kifaa cha betri kinafaa pale tu kinapoamshwa na kingine, kwa mfano swichi ya mlango, kije kuthibitisha kwamba kuna mtu ndani.

Mlango na mzigo: swichi kabla ya kihisi

Mara nyingi mfanyabiashara anaomba kihisi mwendo wakati anachotaka kujua ni kama mlango umefunguliwa. Swichi ya sumaku inatosha. Ni kichupa cha kioo chenye ncha mbili za chuma ndani, kinafungwa kwenye fremu, na sumaku inafungwa kwenye mlango. Swichi haina ulaji wa kwake. Kinachopita ni umeme wa kizuizi fundi atakachoweka, na kwa kizuizi cha megaomu moja kwenye volti tatu ni maikroampea tatu. Zidisha kwa tisa: 27 mAh kwa mwaka. Kwenye mlango wa chuma, sumaku na swichi zitengwe na chuma kwa kipande cha mbao au plastiki, maana chuma huvuta nguvu ya sumaku.

Kwa mzigo uliosimama kuna swichi za mtikisiko na za mlalo. SW-18010P ni springi ndani ya mrija, na ikitulia inakuwa wazi, haipitishi umeme wowote. SW-520D ina vigololi vinavyobingirika inapolazwa. SW-420 inauzwa zaidi ikiwa juu ya bodi yenye taa na chip ya kulinganisha, na bodi hiyo hula miliampea kadhaa hata pakiwa kimya. Nunua swichi tupu, acha bodi. Ni moja ya nafasi chache ambapo kitu cha bei ndogo zaidi ndicho bora.

Swichi hizi hazina akili ya kupima. Lori likisimama kando ya barabara kuu, semi-trela inayopita itaitikisa springi sawasawa na mtu anayevunja kufuli. Hapo ndipo kinapohitajika kihisi cha mchapuko, akselerometa, ambacho hupima ukubwa wa mtikisiko na mwelekeo wake. Unaweza kukiamuru kinyamaze kwa mtikisiko mdogo na kiamke kwa mkubwa.

Sokoni utakutana kwanza na MPU-6050, kwa kawaida kwenye bodi ya bluu iitwayo GY-521. Ina kipima mzunguko pia, na sehemu zote zikiwaka inakula karibu miliampea nne. Kwa betri ya 2,000 mAh hiyo ni wiki tatu. Inafaa kwa roboti ya mwanafunzi, si kwa kengele ya lori. ADXL345 ni nafuu vilevile na inashuka hadi kwenye makumi ya maikroampea. LIS3DH hufika maikroampea mbili ikipimishwa polepole. ADXL362 hula maikroampea 1.8 ikipima mara 100 kwa sekunde, na katika hali ya kusubiri kuamshwa hushuka hadi 0.27. Bei yake ni mara kadhaa ya MPU-6050, lakini kwa mwaka mzima inakula mAh chache kuliko ile ya bei nafuu inavyokula kwa siku moja.

Angalia pia taa ndogo iliyowekwa kwenye bodi kuonyesha kwamba umeme upo. Taa ya miliampea mbili hula 48 mAh kila siku, mara nyingi zaidi ya kihisi chenyewe. Fundi mzuri huing'oa kwa chuma cha kulehemu kabla ya kitu kingine chochote.

Ujumbe wa simu

Kengele inayolia stooni haimsaidii mwenye mali aliyeko Rusumo. Wengi huongeza moduli ya simu, na iliyozoeleka ni SIM800L. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo betri moja ya lithiamu inaiendesha moja kwa moja, ila wakati wa kutuma huvuta hadi ampea mbili kwa vipindi vifupi sana. Betri ya duara kama sarafu, CR2032, haiwezi kazi hiyo hata ikiwa mpya. Moduli izimwe kabisa, iwashwe na kihisi pale tu penye habari.

Tena isikae karibu na PIR. Kwenye jaribio la pili la stoo ile ile, kihisi kilimwona paka, moduli ikatuma ujumbe, mawimbi ya simu yakaichanganya PIR, ikadhani kuna mtu, ujumbe mwingine ukatoka. Hadi alfajiri salio lilikuwa limekwisha. Kutenganisha vitu hivyo viwili kwa urefu wa mkono, na kuandika kwenye programu kwamba baada ya ujumbe mmoja kifaa kinyamaze dakika kumi, kulimaliza tatizo.

SIM800L inatumia 2G peke yake, na mitandao mingi duniani imeshaifunga au inapanga kuifunga. Anayetaka kuagiza boksi zima la moduli hizi aulize kwanza kampuni za simu za nchi atakazouza. Nchini Rwanda, vifaa vyenye redio ya simu vinapaswa kuidhinishwa na RURA, mamlaka inayosimamia huduma za mawasiliano.

Kwa wenye malori

Umeme wa lori kubwa ni volti 24, na injini ikichaji hupanda hadi karibu 28. HC-SR501 mwisho wake ni 20. Kuiunga moja kwa moja kwenye nyaya za lori ni kuiunguza. RCWL-0516 imeandikiwa hadi 28, pale pale kwenye ukingo. Betri ya pekee yake ni salama zaidi, tena haimpi fundi wa gari sababu ya kulaumu nyaya zako.

Mizigo ya kupita chini ya forodha ni suala jingine. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa elektroniki, RECTS, mwaka 2017. Lakiri zake za elektroniki ni vifaa vya betri vinavyotoa taarifa vikifunguliwa au lori likiacha njia. Kifaa chako kisiguse lakiri hiyo wala kufungwa juu ya komeo lake. Kuingilia lakiri ya forodha ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na ofisa wa mpakani hatakuwa na muda wa kusikiliza maelezo kuhusu akselerometa. Weka kihisi kwenye kabini, kwenye tangi la dizeli au chini ya fremu, na mweleze dereva na utingo kilipo.

Kuvileta Kigali

Wanaovichukua Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam wajue kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kihisi kilichotengenezwa Shenzhen hakigeuki kuwa cha Jumuiya kwa kupitia Nairobi. Kitatozwa kama bidhaa ya nje, na VAT ya Rwanda ni asilimia 18. Weka ankara ya kila aina peke yake. Boksi lenye vitu vidogo 600 visivyo na orodha hupoteza siku nzima mpakani, na siku ya lori kusimama ni ghali kuliko boksi.

Kwa ndege, vihisi havina shida, betri ndizo zenye masharti. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazochajiwa, zikisafirishwa peke yake kama mzigo, haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi hutuma kifaa bila betri, na mnunuzi anaachiwa kutafuta ya hapa.

Kabla ya kulipa, omba testa. Ipangwe kwenye maikroampea, iungwe mfululizo na kihisi, usubiri dakika moja kitulie, kisha usome. Muuzaji akikataa, nunua kimoja tu ukipime nyumbani. Pima vitatu au vinne kutoka boksi moja, kwa sababu nakala za kiwandani hutofautiana na namba iliyoandikwa kwenye karatasi inahusu kile cha asili.

Na kwa betri za lithiamu za aina ya 18650, zile nene zinazotumika kwenye tochi na kompyuta za mkononi, usidanganywe na maandishi. Za kweli kwa kawaida hazizidi sana 3,500 mAh. Iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na mara nyingi haifiki hata 1,000. Nzima huwa na uzito wa karibu gramu 45. Mizani ya duka la dhahabu, au hata ya viungo, itakuambia kabla testa haijatoka mfukoni.